Zege la Mgeni

Kila Ijumaa saa nane mchana nafundisha somo ambalo hakuna mwalimu mwingine katika idara yetu aliyelitaka. Kwenye ratiba lina jina refu, lenye uwajibikaji, ustahimilivu na jamii ndani yake, na wanafunzi wa uhandisi wamelifupisha wakaliita Dini. Wanaoswali Ijumaa huja wamechelewa, wasioswali huja wameshiba, na wote husinzia. Siwalaumu. Kwa miaka kumi na mmoja niliwaambia kwamba mhandisi ni mtumishi wa watu watakaolala katika kile alichokijenga, na nilipokuwa nikisema hivyo mimi mwenyewe nilikuwa naangalia saa.

Somo nililolipenda ni la Jumatatu, la maabara. Hapo nafundisha kyubu. Nyumba inapojengwa, kila siku ya kumwaga zege huchotwa zege kidogo na kujazwa katika visanduku vya chuma. Kesho yake hutolewa madonge mazito ya pembe nne, ndiyo kyubu zenyewe, yakalowekwa majini, na siku ya saba na ya ishirini na nane hupelekwa maabara kupondwa na mashine. Kyubu ikistahimili, tunaamini kwamba slabu za sakafu na nguzo zilizomwagwa siku ile zitastahimili pia. Niliwafundisha wanafunzi kujaza kisanduku kwa tabaka tatu na kugonga kila tabaka kwa chuma mara thelathini na tano. Aliyegonga thelathini na nne alirudia. Kwa hilo nilikuwa mkali, na nilijiona mwalimu mzuri.

Aliyenishinda kwa umakini alikuwa msichana mmoja wa mwaka wa nne, mtoto wa Majengo kule Pumwani, aliyelelewa na nyanya yake anayeuza viungo na ubani mbele ya nyumba. Alikuwa akigonga huku midomo ikihesabu, na kyubu zake zilitoka laini kila upande. Muhula ulipokwisha akapata nafasi ya mafunzo ya wiki kumi na mbili katika mjengo mmoja upande wa Donholm, fleti za ghorofa tano. Kila siku alitakiwa kuandika katika daftari la mafunzo alichokifanya, na kila Ijumaa injinia wa mjengo atie sahihi. Mwishoni injinia hugonga muhuri, mimi kama mkaguzi naweka maoni yangu, na bila vitu hivyo viwili mwanafunzi hahitimu.

Nilikwenda kumkagua wiki ya sita, Jumanne asubuhi. Injinia hakuwa amefika. Nikakaribishwa katika ofisi ya mabati, nikapewa chai na mahamri na mama anayewapikia mafundi, nikakaa na daftari mapajani. Nje walikuwa wakimwaga slabu ya ghorofa ya tatu. Watu wa mkono, wale vibarua wa mjengo, walipanda na makarai mabegani, na kando ya mashine ya kuchanganyia kijana mmoja alishika mpira wa maji akimimina bila kipimo. Zege likiwa jepesi kama uji hutembea lenyewe na mgongo wa mtu hupumzika. Kila fundi anajua kwamba maji mengi hulidhoofisha, na kila fundi ana mgongo. Niliona, nikaendelea kutafuna.

Daftari lake lilikuwa safi. Nilipofika wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, nikasoma ukurasa mara mbili, kisha nikaweka kikombe chini. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kujivunia kazi, kwamba wiki iliyotangulia alikabidhiwa zege la maabara. Kwamba amejifunza kulichanganya peke yake pembeni, saruji ikiongezwa na maji yakipunguzwa, kabla wengine hawajaanza kuchanganya la slabu. Kwamba kwa hiari yake alichekecha mchanga na kuosha kokoto katika beseni. Kwamba matokeo ya siku ya saba yalikuwa mazuri kuliko yote tangu mjengo uanze, na foremani akampongeza mbele ya watu. Chini ya ukurasa ilikuwapo sahihi ya injinia, ya haraka, ya mtu aliyetia sahihi bila kusoma.

Nikamwita. Alikuja amevaa kofia ya plastiki juu ya mtandio, amechafuka vizuri, anatabasamu. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kuchanganya zege la kyubu kando. Akasema ni foremani. Siku ya kwanza alikwenda kuchota zege kutoka kwenye toroli lililokuwa likipelekwa kwenye slabu, foremani akamzuia kwa upole. Alimwambia maabara ni mgeni, na mgeni hapewi kikombe chenye ufa.

Aliyekulia Majengo haelezwi jambo hilo mara mbili. Katika nyumba zile kuna kabati la vioo sebuleni lenye vikombe vya maua na visahani vyake, na watoto wa nyumba hukua, huoa na kuolewa, bila kuvinywea hata siku moja. Msichana huyu alielewa papo hapo, akaitikia, akaenda kuosha kokoto. Sidhani kama mtoto aliyelelewa vibaya angefanya kosa lile.

"Kuna makosa, mwalimu?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilimwambia kyubu si mgeni. Ni jirani anayeitwa kutoa ushahidi juu ya slabu, na kama hakulala humo ndani hana la kushuhudia. Aligeuka akatazama nje, juu, walipokuwa wakimimina ule uji. Nikaona tabasamu likimtoka polepole.

"Lakini ulitufundisha kutengeneza kyubu," akasema. "Hukutufundisha zinatoka wapi."

Ni kweli. Katika maabara yetu hakuna nyumba. Tunachanganya zege la kyubu, tunajaza kyubu, tunaponda kyubu, tunasafisha meza. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba kyubu ndiyo kazi yenyewe, nikawagombeza kwa pigo moja lililopungua. Niliona aibu, na aibu ikanifanya niwe mkali kwake, nikamwambia angepaswa kujiongeza. Halikuwa neno la haki.

Injinia akafika. Naye alikuwa mwanafunzi wangu zamani, mmoja wa waliosinzia. Aliusoma ule ukurasa aliokuwa ameshautia sahihi, akacheka kidogo, akaguna, kisha akazungumza kwa adabu nyingi. Alisema msichana ni hodari na amefikiria kumwita kazini baada ya kuhitimu. Alisema jambo hili ni maneno tu, maneno yameandikwa vibaya, na ukurasa unaweza kuandikwa upya na daftari likawa safi. Vinginevyo hataweza kugonga muhuri, maana hakuna injinia anayegonga muhuri kwenye uongo juu ya mjengo wake. Akanigeukia akasema mwalimu mwenyewe anaijua kazi. Foremani alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nadhani hakuona kosa lake ni lipi.

Nilimsindikiza msichana hadi kwenye barabara kuu. Njiani nikampa ushauri, na naandika hapa ushauri niliompa: nilimwambia auandike upya ule ukurasa. Nilimkumbusha nyanya yake, mwaka mzima wa kurudia, na jinsi nafasi za mafunzo zilivyo adimu. Nilimwambia mtu akishakuwa injinia mwenye cheo ndipo ataweza kurekebisha mambo, kwa sasa ainamishe kichwa. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na mimi nikayarudia maneno yao bila kufikiri. Aliniaga kwa heshima na kurudi kazini.

Lazima niseme sasa kwa nini nilimshauri hivyo, maana huruma haikuwa sababu yote. Ninaishi Jericho, katika nyumba ya zamani ya halmashauri, yenye kuta nene na dari ya chini. Nikitoka kununua maziwa kuna njia mbili. Ya karibu inapita mbele ya jengo moja la ghorofa nne, la rangi ya samawati iliyopauka, na mimi hupita ile ya mbali. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanyia mafunzo yangu kwenye mjengo ule. Nilichanganya zege la kyubu pembeni wiki tisa mfululizo. Tofauti yangu na msichana wa Majengo ni kwamba mimi nilijua, na katika daftari langu sikuandika. Nilipata alama za juu. Halijaanguka, hilo ndilo nililokuwa nikijiambia kila nilipozunguka na mfuko wangu wa maziwa.

Ijumaa ya wiki ile injinia akanipigia simu, akasema msichana hajaonekana kazini tangu Jumatano na daftari ameondoka nalo. Jumamosi asubuhi nikaenda Majengo. Nyanya yake alikuwa barazani anapanga mafungu ya iliki na mdalasini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipima kwa macho kutoka viatu hadi kichwani, akanikaribisha ndani. Kabati la vioo lilikuwapo, na vikombe vyake vya maua, sita.

Chai ililetwa katika kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Nimeingia katika nyumba nyingi za Majengo na sijawahi kupewa kikombe cha bati. Bibi mwenyewe alionekana kuumwa na jambo hilo.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Mjukuu wangu amenikataza kuvitoa vya kabatini. Amesema leo mwalimu anywe tunachonywea sisi."

Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri, yenye tangawizi nyingi. Msichana akatoka chumbani na daftari, akakaa mbele yangu kwenye mkeka. Ukurasa ule ulikuwa haujaguswa. Alikuwa ameongeza mmoja wa Jumatano, ambamo aliandika kwamba amekwenda kwa injinia na kumwomba slabu zote tatu zitobolewe, vipande vitakavyotoka vikapimwe, na kwamba injinia alimwambia aende nyumbani akapumzike. Akafungua ukurasa wa mwisho, wa maoni ya mkaguzi, akaniwekea kalamu juu yake.

Sote wawili tulijua maana yake. Nikiandika kwamba nimeusoma ukurasa ule na kwamba ni kweli, chuo kitalazimika kumwandikia mwenye mjengo na wakaguzi wa majengo. Muhuri hautagongwa. Ataanza upya wiki kumi na mbili mahali pengine, kama patapatikana, na wenzake watahitimu wakimwacha. Nilimwuliza kama nyanya yake anajua hayo. Bibi akajibu kutoka mlangoni kwamba anajua, na kwamba hakulala siku mbili.

"Nitarudia mwaka," msichana akasema. "Hilo nimeshamaliza kulilia. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Wewe umewahi kuchanganya la kando?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini, na mtaani walikuwa wanapita watu wakisalimiana, na jibu hilo dogo lingemeza kila kitu. Sijui kwa nini sikulitoa. Labda ni kile kikombe. Nilimwambia ndiyo. Nikamwambia jengo liko wapi, la rangi gani, wiki ngapi, na njia ninayopita kununua maziwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mtu, na nilishangaa kuona yalivyokuwa mafupi.

Bibi alikuwa ameacha mafungu yake.

"Kuna watu humo?" akauliza.

"Wamo."

"Wenye watoto?"

"Ndiyo, mama."

Nikaandika maoni yangu, mistari minne, nikatia sahihi na tarehe. Sikujisikia shujaa hata kidogo. Nilijisikia kama mtu aliyelipa nauli ya jana.

Yaliyofuata yalikwenda kama mambo ya ofisi yanavyokwenda, kwa barua na kwa kungoja. Mwenye mjengo alikasirika, kisha akaogopa, kisha akaleta watu wa kutoboa. Slabu ya ghorofa ya tatu ilivunjwa na kumwagwa upya, na nguzo kadhaa za chini zikavishwa chuma na zege jipya. Foremani alihamia mjengo mwingine, na nasikia anawakaribisha wanafunzi kwa upole uleule. Injinia hanisalimii tena tukikutana. Kuna mwenzangu idarani aliyeniambia nimemharibia msichana maisha kwa ajili ya somo la Dini, na kabla ya Jumamosi ile nami ningesema vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimebadilisha jambo moja tu. Jumatatu sasa wanafunzi wanamwaga kwanza slabu ndogo uani, nyuma ya maabara, na kyubu zinachotwa kutoka kwenye toroli linalotembea. Kyubu mbaya tunaipeleka kama ilivyo. Wengi hawafurahii, maana mikono inachafuka na alama zimeshuka.

Msichana alikaa miezi minne bila nafasi. Alimsaidia nyanya yake kuuza viungo, akaandika barua za maombi ambazo hazikujibiwa, na mara mbili aliitwa kwenye usaili na kuulizwa kama ni yeye yule wa Donholm. Nilimtafutia, nikakataliwa, nikatafuta tena. Mwishowe mkandarasi mmoja wa mitaro ya maji machafu akamchukua, kazi isiyogombaniwa na mtu. Akawa anashuka kwenye mashimo na buti hadi magotini, anapima mteremko wa bomba. Kila Ijumaa, saa nane, nikiwa nimesimama mbele ya darasa, simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Ujumbe haukubadilika.

"Mwalimu, umeenda?"

Alimaanisha jengo la samawati. Siku ile Majengo nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakwenda kulipima. Idarani tuna nyundo ya kupimia zege, yenye springi ndani. Unaibonyeza ukutani, inaruka, inakupa namba. Nilikuwa na funguo za kabati lake. Kila Ijumaa nilikuwa na sababu: mitihani, mvua, homa, mazishi. Sababu zote zilikuwa za kweli. Niligundua kwamba ni rahisi zaidi kutia sahihi kosa la mjengo wa mtu mwingine, na ugunduzi huo haukunipendeza.

Jumamosi moja akaja nyumbani kwangu Jericho bila kunipigia, na buti zake za mitaroni mkononi. Hakunisuta. Alisema tu kwamba amepata siku ya mapumziko. Nikachukua nyundo, nikavaa viatu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikapita njia ya karibu.

Jengo lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Nguo zilikuwa zimeanikwa kila roshani, na chini mtu alikuwa anakaanga chipsi. Tulitafuta mlinzi wa kumwomba ruhusa, hakuwapo. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye kanga kiunoni na mtoto mgongoni, alituona tukiikagua nguzo ya kwenye ngazi, akatuuliza kama ni watu wa stima waliokuja kusoma mita. Msichana akanitazama na kuniachia nijibu. Nikasema mimi ni mwalimu, na huyu ni injinia. Hapo akafurahi, akasema mwanawe mkubwa anataka kusomea hiyohiyo, akatuvuta ndani tusikatae.

Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja na sebule. Kwenye ukuta wa katikati, kona mbili zikiwa zimejitokeza, ilisimama nguzo iliyopakwa rangi ya maziwa. Alikuwa amepigilia msumari humo akatundika kalenda, na pembeni watoto walikuwa wamechora mistari ya penseli, urefu wao mwaka hadi mwaka. Niliijua nguzo ile. Zege lake lilikuwa jepesi kama uji, nami nilikuwa nimesimama kando yake na beseni langu la zege la mgeni.

Mama akatuambia tukae, maji yako jikoni. Akamshusha mtoto, akatoa ufunguo mdogo uliofungwa katika ncha ya kanga, akaenda kwenye kabati la vioo.

"Mama," nikamwambia, "acha kwanza vikombe. Kaa nikwambie nimekuja kufanya nini."